Kanga ya Zawadi: Soma Jina Kabla ya Kuangalia Rangi

Wiki mbili kabla ya Idi, na tena Mei inapoingia na Siku ya Mama yake, simu yangu haitulii. Kaka mmoja yuko dukani Kariakoo, ananitumia picha ya kanga tatu zilizotundikwa ukutani: "Dada, ipi itamfaa mama?" Naona maua, naona korosho, naona rangi ya chungwa. Namuuliza, "Jina linasemaje?" Ananijibu, "Jina la duka?"

Basi hapo naanza upya. Nimeanza upya mara nyingi mno, ndiyo maana leo nayaandika yote mahali pamoja. Wanaouliza wengi ni wanaume, lakini hata mabinti waliokulia ndani ya suruali nao hawajui doti ni nini na wanaona haya kumuuliza mama. Hakuna haya hapa. Msomaji wa Mombasa, ninachokiita kanga ndiyo leso yako, mengine yote ni yale yale.

Kitu kimoja tu ukielewe mapema. Ukimpa mtu sufuria, umempa sufuria. Ukimpa kanga, umempa nguo na sentensi ndani yake, na sentensi hiyo ataihesabu kuwa imetoka kinywani mwako, hata kama uliibeba kwa haraka huku bodaboda inakupigia honi.

Kabla ya kutoka nyumbani

Uwe na vitu hivi:

- Neno moja kichwani: unataka kumwambia nini huyo mtu? Shukrani, pole, hongera, nakupenda, au nisamehe.
- Habari zake za miezi hii. Kafiwa? Kajifungua? Kagombana na nani? Hii ndiyo inayosahaulika sana.
- Rangi mbili tatu anazozivaa. Chungulia kamba ya kuanikia nguo, usimuulize.
- Kitambaa cheupe na chupa ya maji. Utaona kazi yake.
- Fedha ya doti, na ya fundi cherehani juu yake.
- Muda. Saa nzima, siyo dakika kumi.

Na maneno manne ya dukani. Doti ni kanga mbili zinazofanana, zimeungana bado, hazijakatwa. Ndivyo kanga inavyouzwa. Pindo ni ule mpaka unaozunguka pande zote nne. Mji ni uwanja wa katikati. Jina ni maandishi yaliyomo ndani ya kisanduku, chini ya mji, juu kidogo ya pindo la chini. Kila kanga ina upana wa mita moja na nusu hivi kwa kimo cha mita moja na sentimita kama kumi. Kitenge hakina jina, kwa hiyo ukinunua kitenge umenunua kitambaa, na mwongozo huu hautakusaidia.

Hatua ya 1: Chagua maneno kabla ya nguo

Hatua hii ndiyo nusu ya kazi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

*Mama mzazi* ni rahisi, na ndiyo maana watu hukosea kwa uvivu. "Nani kama mama" haijawahi kumuudhi mtu. Tatizo lake ni kwamba mama yako anazo nne tayari, moja kutoka kwa kila mtoto. Mimi humpa mama yangu jina linaloomba kitu badala ya kumsifu: "Mama nipe radhi kuishi na watu kazi." Alipoisoma hiyo alikaa kimya, akaniuliza, "Kuna nini huko kwako?" Tukaongea mpaka Isha. Hiyo ndiyo kazi ya jina.

*Mke* ndiye mwenye mitego. "Wawili wakipendana adui hana nafasi" ni zuri, salama, na linafaa kuvaliwa hata mbele ya majirani. "Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika" lina utani, linampendeza mwenye ucheshi. Sasa tazama hili: "Tulia tuishi, wazuri haweshi." Mwanamume hulisoma akaona "tulia tuishi", akafurahi, akalipa. Mke hulisoma mpaka mwisho. Wazuri haweshi, yaani hawamaliziki? Kwa hiyo umekuwa ukiwahesabu? Nani anaambiwa atulie hapa, yeye au wewe? Jina hilo lina utamu wake mwanamke akilinunua mwenyewe. Likitoka mkononi mwa mume linahitaji maelezo, na zawadi inayohitaji maelezo imeshaharibika.

Vivyo hivyo "Japo sipati tamaa sikati." Kwa mchumba unayemfuatilia, limekaa vizuri. Kwa mke wa miaka 10, jiandae kuulizwa ni kitu gani hicho usichokipata.

*Mama mkwe, shangazi, bibi*: nenda kwenye majina ya Mungu na ya wema. "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu" unaweza kumpa mtu yeyote, Mwislamu au Mkristo, mzima au mgonjwa. "Wema hauozi" mpe aliyekusomesha, aliyekulea, aliyekupokea mjini ukiwa na begi moja. Usimpe mtu asiyekufanyia lolote. Atadhani unamkumbusha deni.

*Mfiwa*: "Kazi ya Mungu haina makosa" ni maneno ambayo tayari yanasemwa msibani, kwa hiyo hayamshtui. "Mungu hamtupi mja wake" nayo ni sawa.

*Anayesubiri mtoto kwa muda mrefu*: hapa nakuomba, tafadhali. Watu huona "Subira yavuta heri" wakasema hili ndilo. Sivyo. Ukimfunga kiunoni maneno hayo, kila atakayepita atayasoma na kujua ni heri ipi inayosubiriwa. Mpe "Sisi sote abiria", au jina la urafiki.

*Majina ya vijembe*: mengine yamevaa kanzu ya hekima. "Usisafirie nyota ya mwenzio" linasikika kama nasaha ya babu, lakini aliyelelewa na kanga anajua linamlenga mtu anayeiga au anayetamani cha mwenzake. "Hasidi hana sababu" nalo, ukimpa rafiki, atakuuliza hasidi ni nani kati yenu wawili. Kipimo changu ni hiki: jina likimtaja hasidi, jirani, mdomo au mwenzio, liache dukani, isipokuwa mtu mwenyewe amekutuma.

Hatua ya 2: Jua kanga hiyo itafanya kazi gani

Kuna anayeivaa nyumbani kila siku, kuna anayejitanda kwenda msibani, kuna anayeishona gauni, na kuna anayeiweka sandukuni miaka 3 bila kuigusa. Wote wanaipenda.

Aliyejifungua anahitaji pamba tupu, laini, ya kubebea mtoto na kumfutia. Usimpelekee kanga inayoteleza na kung'aa. Haishiki mgongoni na haifyonzi jasho wala maziwa. Mrembo wa kujitanda anataka rangi inayolia. Bibi harusi wa mwambao bado anapendeza na kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, na kwa huyo usijitese kutafuta muundo mpya. Mwanamke mwenye mwili mkubwa anahitaji upana kamili, na upana ndio unaopunjwa siku hizi, nitalirudia kwenye hatua ya 4.

Na kama mpenzi wako ni mwanamume, mnunulie kikoi. Sitaki barua.

Hatua ya 3: Nenda mapema, siku isiyo na watu

Dar es Salaam, maduka ya jumla na rejareja yamejipanga Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Unguja, Darajani. Mombasa, Mtaa wa Biashara, ambako utakuta leso zenye maandishi "Mali ya Abdulla" kwenye ukingo. Angalizo: hayo ni alama ya mwenye kuzitoa, yaani Kaderdina, siyo jina la leso. Kijana mmoja aliwahi kuniambia hataki kumpa mchumba wake nguo ya Abdulla.

Usiende siku tatu za mwisho za Ramadhani. Muuzaji hana muda wa kukufungulia doti, na usipofunguliwa doti usinunue. Asubuhi ya katikati ya wiki ndiyo yenyewe. Ukiingia usiseme "nataka kanga nzuri". Sema unampelekea nani. Muuzaji mzuri atakuuliza, "Ya kupenda, ya kushukuru, au ya kusema?" Ya kusema maana yake ya kijembe. Jibu hapo hapo, ataenda kwenye rafu yenyewe.

Bei huongeleka, hasa ukichukua doti mbili. Lakini usipoteze nusu saa kwa ajili ya shilingi mia tano halafu ukakosa dakika mbili za kusoma jina.

Hatua ya 4: Ifungue yote, isome kwa sauti

Kanga ikiwa imekunjwa rafuni, inaonyesha pindo na kipande cha mji. Jina limo ndani. Mwambie muuzaji, "Naomba unifungulie." Ni haki yako, wala haoni tabu.

1. Itandaze juu ya meza au ishikeni wawili.
2. Tafuta kisanduku cha jina. Lisome mpaka neno la mwisho.
3. Lisome tena kwa sauti, ukijifikiria wewe unamwambia yeye. Ukiona aibu kulisema, hata yeye ataona aibu kulivaa.
4. Angalia tahajia. Kanga nyingi huchapwa nje, India hasa, na herufi hupotea njiani. Nimeona "mapenzi" iliyokosa n. Mzee ataicheka miaka yote.
5. Soma jina kwenye kanga ya pili pia. Lazima liwe lile lile.
6. Pima upana kwa mikono yako. Muuzaji akikuambia zote ni sawa, mwombe aweke mbili moja juu ya nyingine.

Hatua hii niliilipia mimi mwenyewe. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilimnunulia wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, kanga ya zambarau yenye pindo la dhahabu. Wifi na mimi tulikuwa hatujapatana vizuri. Kulikuwa na maneno maneno kuhusu ukumbi wa harusi, nani alisema nini. Nikataka kutengeneza. Niliiona kwa mbali, nikaipenda, nikafungiwa kwenye gazeti, nikaenda. Wifi akaipokea kwa mikono miwili, akaifungua mbele ya wageni, akaitandaza magotini. Kisha akasoma, taratibu, kwa sauti ya mwalimu: "Mchimba kisima huingia mwenyewe."

Sebule ilinyamaza. Mtoto akauliza kisima kiko wapi.

Hatua ya 5: Kagua kitambaa

Hapa muuzaji atakutazama vibaya kidogo. Vumilia.

*Wanga.* Kanga mpya hupigwa wanga ili iwe ngumu na nzito mkononi. Fikicha pembe moja kwa vidole kama unayefua. Ikilainika, ikatoa vumbi jeupe, na ukiinua kwenye mwanga ukaona matundu kama ya chujio, basi uzito ulikuwa wanga, siyo pamba. Ikifuliwa mara mbili itakuwa chandarua.

*Rangi.* Lowesha kile kitambaa chako cheupe, kikandamize kwenye sehemu yenye rangi nzito, nyekundu au nyeusi, hesabu mpaka 20. Doa hafifu ni kawaida kwa kanga mpya. Kitambaa kikigeuka chekundu, iache.

*Upande wa nyuma.* Geuza. Kanga nzuri, rangi imepenya, upande wa nyuma unakaribia wa mbele, na kwa haraka huwezi kuutambua ila kwa kusoma jina. Ikiwa nyuma ni weupe tupu, anayejitanda ataonekana kavaa kinyume kila upepo ukipiga.

*Uzi.* Vuta uzi mmoja kwenye ukingo uliokatwa, mwombe muuzaji ruhusa, toka nje, uchome kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, na kubakiza jivu linalosagika. Uzi ukijikunja, ukayeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi, una polista ndani. Polista siyo dhambi, haikunjamani na haichuji upesi. Lakini kwa mtoto mchanga, kwa joto la pwani, na kwa mama anayepika jikoni kwa moto wa kuni, hapana. Wazee bado wanazitaja kanga za Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960, kwa sababu ya pamba yake. Ukimletea bibi kanga inayoteleza atakushukuru, na utaikuta kwenye meza ya televisheni.

*Mchapo.* Pindo lisiwe limekwenda upande, na mji usiwe umepanda juu ya pindo. Mstari ukipinda kidogo haidhuru. Ukipinda vidole viwili, gauni halitashonika.

Hatua ya 6: Sasa rangi

Ndiyo, sasa. Kama umepata jina na kitambaa, rangi mara nyingi zitakuwepo mbili tatu za muundo huo huo, mwulize muuzaji akushushie zote. Chagua ile inayofanana na zile ulizoziona kwenye kamba. Kwa mfiwa, shuka kwenye rangi za kutulia. Kwa mengine yote siamini sana kanuni za rangi. Shangazi yangu wa Tanga ana miaka zaidi ya 70 na havai kitu kisichoonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Na usinunue kanga yenye picha ya mgombea au nembo ya benki. Hizo hugawiwa bure na kila mtu anajua.

Hatua ya 7: Kukata na kukunga

Doti hutoka dukani ikiwa kipande kimoja kirefu. Lazima ikatwe katikati, kisha ncha zikungwe, yaani zikunjwe na kushonwa zisichanike nyuzi. Swali ninaloulizwa kila mara: niikunge mimi au nimwachie?

Jibu langu linategemea mtu. Mzee, mgonjwa, aliyejifungua: mpelekee imekatwa na kukungwa, aivae siku hiyo hiyo. Usimpe kazi. Mwanamke mwenye sanduku lake la kanga: mwachie kama ilivyo, na wanga wake na karatasi yake. Huyo huenda akaivaa, huenda akaitunza, huenda siku moja akamtolea binti yake anayeolewa. Ukiikata umemfungia njia. Mke wako: unamjua wewe.

Kukunga ni kazi ya dakika chache kwa fundi. Mwambie akate kwenye nafasi iliyo kati ya mapindo mawili, na umsimamie hapo hapo. Nimeona doti iliyokatwa mahali pasipo pake, kanga moja ikawa na pindo pande zote na nyingine imekatika kama mkia wa mjusi.

Kama ni ya mtoto mchanga, ifue kabla ya kuipeleka, wanga wote utoke. Maji baridi, peke yake ndani ya beseni, ianike kivulini. Wengi hutia chumvi ili rangi ishike. Mimi nimetia na nimeacha kutia, sikuona tofauti. Kinachookoa ni kuifua peke yake.

Hatua ya 8: Ifukize, ikunje

Hatua hii unaweza kuiruka. Lakini kama ni ya mke au mchumba, usiiruke.

Weka makaa kidogo kwenye chetezo, yakishatulia, tupia udi. Tandaza kanga juu ya tenga au kiti cha matundu, iwe juu ya moshi, mbali na moto. Dakika 10 zinatosha. Kisha ikunje ingali na joto, moshi ubaki ndani ya mikunjo, uifunge. Akifungua jioni, harufu ndiyo itakayomsalimu kwanza. Ukipata kikuba cha asmini na rehani, kiweke juu dakika ya mwisho, maana asmini haingoji. Mwenye pumu usimfukizie kitu, mpe ilivyo.

Kukunja: ikunje ili jina liwe juu. Wapo wanaosema jina lifichwe, alitafute mwenyewe. Mimi nasema kama jina umelichagua, unalificha la nini?

Hatua ya 9: Mpe

Mpe kwa mikono miwili au kwa mkono wa kulia, mkiwa wawili kama jina ni la mapenzi, mbele ya watu kama ni la shukrani. Usimwambie bei, na usimsomee jina, mwache asome. Akikaa kimya kidogo, nyamaza nawe. Kosa la wanaume wengi ni kuanza kueleza hapo: "nimeona ni nzuri, muuzaji kasema inatoka sana". Inatoka sana! Maana yake kila mwanamke wa mtaa anayo.

Kama una wake wawili, nunua zote siku moja, ubora mmoja, na majina yenye uzito mmoja. Bi mkubwa apate "Wema hauozi" na bi mdogo "Mapenzi ni kikohozi"? Utakohoa wewe.

Ikienda kombo

*Jina nililotaka halipo.* Usichukue la karibu karibu. Acha namba yako kwa muuzaji, mizigo mipya huingia kila mara. Siku ikiwa imefika, chukua jina la Mungu.

*Fedha inatosha nusu doti.* Nunueni wawili. Mimi na somo yangu tuligawana doti moja tukiwa wasichana, kila mtu kanga moja, na hakuna zawadi niliyoitunza kama hiyo. Lakini kugawana ni kwa marafiki. Mama mkwe mpe doti nzima.

*Niko mbali, nanunua kwa simu.* Omba picha tatu: doti yote imetandazwa, jina kwa karibu, na upande wa nyuma, zote kwenye mwanga wa jua. Kisha omba video fupi akiifikicha. Akikataa, tafuta mwingine. Ndugu walioko Muscat na Dubai huagiza hivi kila mwezi, na kanga haina uzito, hata mgeni anayesafiri atakubali kukubebea.

*Imechuja ikaharibu nguo nyingine.* Usizianike hizo nguo. Zirudishe kwenye maji upesi zikiwa mbichi, zisuuze mara nyingi mpaka maji yawe meupe. Doa likikauka juani, limekaa. Na umwombe radhi, kwa sababu kitambaa cheupe ulikuwa nacho.

*Haivai.* Mwezi wa kwanza haina maana yoyote. Ukifika mwaka, chungulia kama imekunjwa sandukuni. Ikiwa ipo sandukuni, umefaulu kuliko unavyodhani. Ikiwa imekuwa tambara la kufutia meza, soma tena hatua ya 1.

*Yeye ni msichana wa kisasa, hajifungi kanga.* Mshonee gauni au mkoba. Mwambie fundi mapema jina likae wapi, la sivyo litatokea mahali pasipotajika.

*Nimeshampa, jina ni baya.* Usimnyang'anye, na usijifanye hukuona. Kesho yake asubuhi nilirudi kwa wifi nikamwambia kweli: nilinunua rangi, sikusoma. Alinitazama kwa muda, akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga yenyewe. Wiki iliyofuata nilimpelekea nyingine, "Sisi sote abiria", na hiyo niliisoma mara tatu. Ile ya zambarau bado anayo. Huivaa siku tukigombana, hupita nayo sebuleni bila kusema neno, nami najua ni wakati wa kuweka chai.